Waliopotea Hawabebi Kuku

Nadharia ya kiongozi wa kundi letu kuhusu watu wa kale waliohamia visiwa vya mbali vya Bahari ya Pasifiki ilikuwa na maneno matatu: walipotea, wakafika, khalas. Aliitamka kwenye kantini ya shule huku anapaka mafuta ya midomo. Mimi nilikuwa nakula sambusa. Sikusema kitu, ila moyoni nilimdharau kuanzia utosini mpaka kwenye kamba za viatu.

Nina kipaji hicho. Naweza kumdharau mtu muhula mzima na asijue, kwa sababu sisemi. Kundi letu lilikuwa la watu wawili, yeye na mimi, na bado lilikuwa na kiongozi. Hakuna aliyemchagua. Mwalimu wa jiografia alipanga wanafunzi wawili wawili, akasema kila kundi litapewa dakika kumi za kueleza mbele ya darasa, dakika tano kila mtu. Sisi tukapata swali hili: watu wasio na chombo chochote cha kupimia walivionaje visiwa vidogo katikati ya maji yasiyo na mwisho, na wakakaa?

Dakika tano. Mara ya mwisho niliposimama mbele ya darasa nilikuwa kidato cha kwanza. Nilisema "Good morning", sauti ikakatika, nikarudi kukaa. Mpaka leo kuna mvulana akinikuta kwenye ngazi huniambia "Good morning" kisha anashika koo kama anayekata roho. Sasa niko kidato cha tatu na utani wake haujakua hata inchi moja.

"Usijali," kiongozi aliniambia. "Wewe andika, mimi nitakusemea."

Lazima niseme kweli, maana nisipoisema humu sitaisema popote: nilifurahi. Nilimdharau na nikafurahi, vyote viwili kwa pamoja.

Basi nikaandika. Wiki mbili nilikaa kwenye meza ya kulia chakula, nyumbani kwetu Bur Dubai, juu ya duka la vitambaa, nikasoma mpaka macho yakawasha. Na kadiri nilivyosoma ndivyo yale maneno matatu yalivyozidi kunitia kichefuchefu. Wale watu hawakuwa wamepanda gogo wakangoja miujiza. Walifunga mitumbwi miwili pamoja kwa mbao na kamba, wakaweka jukwaa katikati na tanga juu yake. Walijua kila nyota inachomoza wapi na inatua wapi, na usiku walizifuata moja baada ya nyingine. Walijua ndege gani hulala nchi kavu, kwa hiyo jioni ndege huyo akipita walitazama anakokwenda. Walijua wingu linalosimama palepale wakati mengine yanatembea, maana chini yake huenda pana kisiwa. Na mawimbi. Hilo ndilo lililonishika zaidi. Mawimbi marefu yanayotoka mbali hayabadili njia ovyo. Ukijua yanatoka upande gani, unajua unaelekea wapi hata usipoona jua. Baharia aliweza kulala chali ndani ya mtumbwi akaisikia njia kwa mgongo wake.

Halafu kuna habari ya upepo. Kule kwao upepo wa siku nyingi hutoka mashariki, nao walikwenda mashariki. Yaani walikwenda kule upepo unakotoka! Walingoja zile siku chache upepo unapogeuka, wakaondoka, na wasipoona kitu walijua upepo wa kawaida utarudi na kuwasukuma nyumbani. Mtu aliyepotea huenda anakopelekwa. Hawa walikwenda wasikopelekwa, kwa makusudi, ili warudi salama.

Nilimsomea bibi. Bibi yangu amezaliwa Unguja na amekaa Dubai tangu majumba haya hayajafikiriwa, na kila mwaka anaisema Dubai kwamba haina adabu. Alikuwa anachambua mchele huku anatazama tamthilia bila sauti.

"Sasa huyo mwenzio anasemaje?" akauliza.

"Anasema walipotea, bibi. Wakachukuliwa na upepo tu."

"Na hao kuku uliowasema?"

"Walikuwa nao mtumbwini. Na mbwa. Na miche ya mashelisheli na ndizi, na magimbi, wameifunga isikauke. Na nguruwe."

"Astaghfirullah. Nguruwe waache huko huko, wewe sema kuku." Akasukuma sinia. "Hebu nikuulize, we mtoto. Mtu anapotea na kuku? Mtu anatoka kuvua, anachukuliwa na upepo, ana kuku, ana mche wa shelisheli, ana mke na watoto? Huko ndiko kupotea? Huko ni kuhama!"

"Ndivyo nilivyoandika, bibi."

"Mimi nilipokuja hapa nilikuja na mbuzi ya kukunia nazi, na kinu, na mbegu za mchicha nimezishona kwenye upindo wa kanga. Mwambie mwenzio, bibi yangu alipotea. Alipotea na mbuzi ya nazi. Loo! Watoto wenye pesa hawana akili, maana hawajawahi kufunga mzigo wenyewe."

Mchicha huo upo mpaka leo, kwenye madebe ya mafuta ya kupikia, barazani kwetu ghorofa ya tatu. Kila msimu bibi huacha mashina machache yazae mbegu. Nilikuwa naumwagilia tangu utotoni bila kufikiri umetoka wapi. Usiku ule niliongeza ukurasa mzima juu ya mizigo. Niliandika kwamba ukitaka kujua mtu alikuwa anakwenda au alikuwa anapotea, tazama alichobeba.

Kurasa nane. Nikampelekea kiongozi kwao Mirdif, kwenye jumba lenye geti linalojifungua lenyewe. Alizipitishia kidole kwenye kompyuta kama mtu anayetafuta nywele kwenye supu.

"Ndefu," akasema. "Tunahitaji kitu watu watakikumbuka. Kaka yangu ana boti. Jumamosi tunakwenda kwenye visiwa, tunapiga picha, tunasema tumefanya utafiti."

Visiwa alivyovisema ni vile vilivyotengenezwa na mashine, mchanga uliomwagwa baharini mpaka ukapata umbo la ramani ya dunia. Nilitaka kumwambia kwamba kwenda kisiwa kilichomwagwa na mashine ili ujifunze watu walivyogundua visiwa ni sawa na kwenda dukani ili ujifunze uwindaji. Nikasema, "Sawa."

Aliyetuletea juisi siku hiyo ni dada wa kazi wa pale, Mkenya wa bara, wa milimani, ambaye kabla ya Dubai hakuwahi kuona bahari. Alipoweka trei alinong'ona kwa Kiswahili, peke yake, "Barafu glasi nzima, juisi kijiko. Hawa watu!" Nikacheka. Akashtuka kama amekutwa anaiba.

"Woi! Kumbe unasikia?"

"Nasikia, dada. Shikamoo."

"Hapana, hiyo shikamoo yenu ya pwani itanizeesha. Nisalimie tu, 'Sasa?'"

Tangu hapo alinipenda, nami nikamsimulia habari za kuku na za mchicha wa bibi. Jumamosi ile mama wa nyumba akaamuru aende nasi ili wasichana wasiwe peke yao na kijana, ingawa kijana mwenyewe ni kaka yake kiongozi, mtu mzima mwenye leseni ya boti na miwani ya jua mikubwa kuliko busara yake.

Tuliondoka asubuhi. Vitu vilivyokuwa botini navikumbuka vyote, maana nilivihesabu kwa dharau: spika ya muziki, mafuta ya kujikinga na jua, mifuko sita ya chipsi, taulo zenye herufi za jina lao, na kijiti cha kupigia picha. Boti ilikuwa na dira, ndogo, mbele ya usukani. Kaka mtu akaivika kofia yake isipeperuke.

Upepo ulikuwa unatoka baharini, kama kawaida ya huku. Mawimbi yalitupiga usoni, pa, pa, pa, na kila pa moja dada alishika ukingo na kumwita Mungu kwa lugha ya kwao. Ardhi ilikuwa mgongoni, mawimbi usoni. Hata mtoto angejua: wakati wa kurudi yatupige mgongoni.

Hatujafika popote, vumbi likashuka. Lilikuwa lile vumbi la huku linaloichanganya mbingu na maji mpaka vyote vinakuwa rangi ya chai ya maziwa. Majumba marefu yakafutika moja moja, hata lile refu kuliko yote likawa mstari, kisha halikuwepo. Kaka mtu akapunguza mwendo.

"Turudi," akasema, akatoa simu. Akaitazama. Akaitikisa. "Inasema tupo uwanja wa ndege."

"Nini?" kiongozi akauliza.

"Uwanja wa ndege. Katikati ya njia ya ndege."

Siku hizi huku hutokea, ramani za simu zinavurugika na kukuweka pasipo wewe. Hilo si kosa lake. Kosa lake ni lile alilolifanya baadaye, na sidhani kuna binadamu mwingine chini ya jua angelifanya. Aliiambia simu impeleke bandarini. Simu, ikiamini tuko uwanja wa ndege, yaani ndani kabisa nchi kavu, ikamwonyesha mshale wa kuelekea baharini. Na yeye, akiwa juu ya maji, maji mbele, maji nyuma, akaufuata.

Pa, pa, pa. Usoni.

Nilijua papo hapo. Mwili wangu ulijua kabla yangu. Nilikuwa nimeandika kurasa nane juu ya jambo hilihili. Nilitazama ile kofia iliyokaa juu ya dira, umbali wa mkono wangu, nikafungua mdomo. Nikafunga mdomo. Nikamwinamia dada, nikamwambia kwa Kiswahili, pole pole, "Dada, tunakwenda siko. Mawimbi yangekuwa nyuma."

Alikuwa ameshatapika mara mbili, uso umekuwa wa majivu. Akanitazama.

"Hata tumbo langu limeniambia. Inatupiga vilevile kama tulivyokuwa tunakuja. Sasa si useme?"

"Sema wewe."

"Mimi? Wewe ndiye umesoma! Huyu jamaa atatufikisha Iran na hii simu yake."

"Siwezi, dada."

Akanitazama tena, kidogo tu, na sijasahau mtazamo ule. Akajifuta mdomo kwa mkono, akainuka nusu. "Sir," akasema kwa Kiingereza, "sorry sir, this is not the way. The water is hitting us in front, the same like before."

Kaka mtu hakugeuka. Kiongozi ndiye aliyegeuka. "Tafadhali kaa chini, ukae kimya. Umeshachafua boti inatosha."

Akakaa. Nami nikatazama magoti yangu. Angalau ningesema "ni kweli". Maneno mawili, pungufu kuliko nadharia yao. Sikusema.

Tulikwenda hivyo muda ambao kwangu ulikuwa mwaka, mpaka kitu cheupe kikatokea mbele na boti ikakwama kwenye mchanga. Kimoja cha vile visiwa, kitupu, hakina mti wala jiwe, kilimwagwa wakakisahau.

"Ardhi!" kiongozi akapiga kelele. Akaruka na kijiti chake cha picha, akapiga magoti, akaubusu mchanga mara tatu kwa sababu picha mbili za kwanza hazikutoka vizuri.

Tulikaa pale kama saa nzima. Wao walikula chipsi. Mimi na dada tulikaa chini ya kivuli cha boti, nikampa maji yangu, akayanywa akiwa amenipa mgongo. Kisha vumbi likapungua, na majumba ya Dubai yakatokea yote, nyuma yetu, upande ambao mawimbi yalikuwa yanaelekea tangu mwanzo. Kaka mtu akavaa kofia yake, akawasha boti. Dira ikawa wazi, inatikisika, inaonyesha kila kitu. Hakuna aliyeitazama.

Siku ya kueleza darasani ilikuwa Jumanne. Kiongozi alisimama peke yake na picha yake kubwa ukutani, anabusu mchanga. Mimi nilikaa mahali pangu nikingoja kurasa zangu. Nilingoja nyota, haikuja hata moja. Ndege, mawingu, upepo, hakuna. Kuku hakuna. Alikuwa amefuta zote nane.

"Sisi wenyewe tulifanya jaribio," akasema, akitabasamu. "Tulipotea baharini. Hatukuwa na njia ya kujua tuko wapi. Na tukakuta kisiwa! Kwa bahati. Basi watu wa kale nao ndivyo walivyofika. Walipotea, wakafika. Bahari ndiyo iliyoamua, wao hawakuamua kitu."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu akaandika kitu. "Na mwenzako?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Yeye haongei," kiongozi akajibu, kwa upole kabisa, kama mtu anayemwelezea mgeni kwamba paka wao hang'ati. "Mimi namsemea."

Sijui jinsi ya kuandika kilichofuata bila kujisifu, na sistahili sifa. Sikusimama kwa ushujaa. Niliikumbuka "kaa chini, ukae kimya", na yule mtu aliyekuwa anatapika akainuka, nami mzima wa afya nikatazama magoti. Nikaona haya kuliko woga. Ndiyo hivyo tu. Haya ilizidi woga, nikajikuta nimesimama.

"Dira ilikuwepo," nikasema.

Kule nyuma mtu akashika koo. Nikaendelea.

"Dira ilikuwepo, chini ya kofia. Na mawimbi yalikuwepo. Hatukukosa njia ya kujua, tulikataa kutazama. Wale watu walitazama. Usiwaingize kwenye boti yenu." Sauti ilitetemeka kama kopo lenye shilingi moja, lakini haikukatika. Nikasema habari ya upepo, kwamba walikwenda kinyume chake ili warudi salama. Nikasema habari ya mawimbi. Kisha nikasema mizigo. "Walibeba kuku. Walibeba miche, wameifunga isiguswe na chumvi. Aliyepotea habebi kuku. Sisi tulibeba nini? Tungekaa pale kisiwani, tungepanda nini? Chipsi?"

Darasa likacheka. Kwa mara ya kwanza halikunicheka mimi, na nakiri ilikuwa tamu, tamu mno. Kiongozi akawa mwekundu mpaka masikioni. Lau yangeishia hapo ningekuwa nimeshinda.

Ila yeye si mjinga kama nilivyokuwa najiambia. Akanigeukia, macho yana maji, akauliza mbele ya wote, "Kama ulijua yote hayo, kwa nini hukusema kwenye boti?"

Mwalimu akainua kichwa. Mvulana wa "Good morning" akaacha koo lake. Darasa zima likangoja, na mimi, niliyekuwa na jibu la kila kitu juu ya watu waliokufa zamani, nikatazama tena magoti yangu. Nikakaa. Dakika zangu tano nilikuwa nimetumia tatu.

Mchana dada alikuja kwenye geti la shule na dereva kumchukua mtoto mdogo wa nyumba ile. Nikamwendea. Tangu siku ya boti hatukuwa tumesemeshana.

"Dada, nimesema leo. Mbele ya darasa."

"Umesema nini?"

"Yote. Mawimbi, dira, kuku."

"Na hiyo ya kuku pia?" Akacheka kidogo, akaacha. "Vizuri. Lakini sikiliza, mdogo wangu. Siku ile ungesema, wangetunyamazisha wawili. Mimi nilinyamazishwa peke yangu. Kunyamazishwa wawili si kubaya sana."

"Nisamehe, dada."

"Nimesamehe, nitafanya nini na hasira? Haipikiki." Akamfunga mtoto mkanda. "Bibi yako, ule mchicha wake ulioniambia. Huku mboga ni za friji tu, hazina ladha. Niletee mbegu."

Nilipomwambia bibi hakuuliza nimepata alama ngapi. Alikwenda barazani, akasugua shina kavu katikati ya viganja, akapuliza makapi, akazifunga mbegu kwenye kipande cha kanga na kukipiga fundo. "Mwambie asizifukie sana," akasema. "Na aseme bismillahi, hata kama ni Mkristo."

Dada alizipanda nyuma ya jiko la lile jumba la Mirdif, ukutani, pale maji ya kiyoyozi yanapodondoka mchana na usiku. Mchicha umeota. Alinitumia picha: mashina kumi na mawili, majani mapana, mekundu katikati. Ameshauchuma mara mbili.

Kiongozi wa kundi letu anaupita kila asubuhi akienda garini. Anadhani umejiotea.